Jina Kwanza: Siku Moja ya Mchora Herufi Nairobi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Julai ya Nairobi ina baridi ya kuingia mifupani, na mikebe ya rangi ya kupulizia inaisikia kuliko mimi. Kwa hivyo kabla ya chai naandaa beseni. Nachanganya maji ya moto na ya bomba hadi mkono uvumilie, kisha nalaza humo mikebe minane. Mkebe uliolala kwenye baridi hupungukiwa na msukumo. Ukiubonyeza unakohoa, unatema matone pale ulipotaka mstari mmoja safi. Maji ya uvuguvugu yanaurudishia nguvu. Uvuguvugu tu, maana ukizidisha moto mkebe unapasuka.

Nikiutoa nautikisa karibu na sikio. Ndani mna gololi. Ikigonga kwa uvivu, rangi bado imeganda chini. Ikicheza mbio, iko tayari.

Watu wakisikia grafiti hufikiria uso mkubwa wa shujaa ukutani. Nyuso ni kazi nzuri na wapo wanaozijua kuliko mimi. Mimi nachora herufi, na siku yangu nzima leo, kuanzia gereji hadi jumba la sanaa, ni ya herufi.

Saa moja na nusu asubuhi

Gereji, Industrial Area. Nganya mpya, matatu ya kupambwa, imefikishwa jana. Bodi imeshapigwa fila, ikasuguliwa kwa msasa wa maji hadi ukipitisha kiganja huoni mwanzo wala mwisho wa kiraka. Mwenzangu yuko upande wa nyuma na brashi yake ya hewa, anachora wanasoka ambao tajiri amewataka. Mimi nimeachiwa ubavu, mahali pa jina la gari.

Herufi ya gari si ile ya ukuta. Ukuta umesimama, msomaji ndiye anayetembea. Gari linapita Jogoo Road kwa fujo na abiria aliye kituoni ana sekunde mbili za kulitambua. Kwa hiyo nazilaza herufi kuelekea mbele, nazinenepesha miguu, naacha nafasi katikati zipumue. Nabandika tepu, nasimama hatua kumi nyuma, nabandua, nabandika tena. Kijana wa kuosha magari ananiuliza mbona sijaanza kupaka. Nimeshaanza, kazi yenyewe ndiyo hii.

Fundi aliyenifundisha kushika brashi alikosa kazi kwa miaka. Februari 2004 zilipoanza kutekelezwa sheria za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, matatu zilitakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni, na michoro ikafutwa. Abiria walipata mikanda na vidhibiti mwendo, jambo ambalo sitalibeza kamwe, kwa sababu watu walikuwa wanakufa barabarani. Lakini sikuona siku hiyo, wala sioni leo, jina lililoandikwa vizuri linamuua nani. Fundi wangu akaishia kupaka mageti. Novemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliposema vijana waachwe wapambe matatu zao, mzee alinipigia simu akiwa kimya kwa muda, kisha akaniambia, "Binti, tafuta tepu."

Saa nne

Chai na mandazi kwa mama wa kibanda kando ya gereji. Amejifunga leso juu ya sweta, na macho yangu yanaenda palepale yanapoenda kila mara: kwenye jina.

Nyanyangu alikuwa Mombasa, na shule yangu ya kwanza ya herufi ilikuwa sanduku lake la leso. Leso ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na chini ya mji ina jina, yale maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Bila jina, nyanya alikuwa akisema, hicho ni kitambaa. Na kwenye nyingi kulikuwa na alama nyingine, ndogo, pembeni: K.H.E. – MALI YA ABDULLA, alama ya wale wauza leso wa Mtaa wa Biashara walioanza mwaka 1887. Nilikuwa mtoto nikidhani Abdulla ni mtu mmoja mwenye leso zote za dunia. Nilipokuja kuona picha za treni za New York zimejaa majina, sikuona kitu kigeni. Nilimwona Abdulla.

Napenda kusema hili kwa sababu mara kwa mara naambiwa grafiti ni kitu cha kuiga. Mkebe umetoka ng'ambo, sawa. Hamu ya kuandika maneno makubwa kwenye kitu kinachotembea mbele ya watu ilikuwapo kwetu zamani, viunoni mwa mama zetu.

Saa tano na nusu

Kirinyaga Road kununua rangi. Bado sisi wa zamani tunaiita Grogan. Natumia rangi ya kupulizia magari kwa kujaza, na ile ya wasanii inayoagizwa kutoka nje kwa mstari wa mwisho tu, kwa kuwa bei yake inauma. Nimechukua nyeusi mbili, nyeupe moja, na vichwa vya akiba vya kubonyezea, vyembamba na vinene. Nimetoka.

Saa saba mchana

Eastlands, ukuta wa nyuma ya duka la mzee mmoja aliyenipa ruhusa kwa mdomo na kwa soda. Nimekuja na kijana ninayemfundisha. Jana tuliupaka emalshoni kwa rola, kwa maana saruji mbichi hunywa rangi ya mkebe kama ardhi ya kiangazi. Leo ni zamu yake kuandika jina alilojichagulia.

Anaanza kwa kusogeza kidole tu. Namsimamisha. "Bega," namwambia. "Herufi ndefu kuliko wewe haitoki kwenye kidole, inatoka kwenye bega na magoti." Anasogea, anapiga mstari, unachuruzika. Amekaa sana mahali pamoja. Namwonyesha: mkono uanze kutembea kabla ya kubonyeza, na uachie kabla ya kusimama. Mara ya tano mstari unakaa. Baadaye nampa siri ambayo mimi nilipewa nikiwa nimechelewa: ukimaliza, geuza mkebe juu chini ubonyeze hadi itoke hewa tupu, la sivyo rangi itakauka kichwani na kesho utakuta umeziba.

Anauliza nani alianza. Namweleza kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 kule Philadelphia kijana aliyejiita Cornbread alilijaza jiji jina lake, na kwamba Julai 1971 gazeti la New York Times lilimwandika kijana mwingine, tarishi aliyekuwa akisaini TAKI 183 kila alikopeleka barua, 183 ikiwa namba ya mtaa wake. Hao wote walijiita waandishi. Hawakujiita wachoraji.

Kisha anaelekeza kidole ng'ambo ya barabara. "Dada, si pale palikuwa na yako?"

Palikuwa. Siku nne za kazi, mwaka jana, maneno mawili ya Kiswahili yaliyoshikana mikono kutoka kona hadi kona. Wanafunzi walikuwa wakipigia picha pale. Kampuni moja ikaja asubuhi ikapaka juu rangi yake yote na tangazo lake, bila kubisha hodi kwa mtu yeyote niliyemjua. Nimejua kwa simu ya mama mboga. Sikulala usiku ule na sioni haya kusema hivyo.

"Hakuna wa kumshtaki?"

Namsimulia 5Pointz, jengo la Queens, New York, lililojaa grafiti, ambalo mwenye jengo alilipaka rangi nyeupe usiku mmoja wa Novemba 2013. Waandishi 21 walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 jaji akaamuru walipwe dola milioni 6.75 kwa kazi 45. Kijana anapiga mluzi. Namwambia wale walikuwa na sheria mahususi ya nchi yao, na pia walikuwa na kitu ambacho yeye anaweza kuanza nacho leo: picha za kila kazi, zenye tarehe. Anatoa simu, anapiga picha jina lake ambalo bado halijakauka.

Saa kumi na moja jioni

Kilimani, jumba la sanaa, kesho kutwa tunafungua maonyesho. Mikono inanuka thina.

Safari hii ya ukutani hadi ukumbini ni ya zamani. Mwaka 1973 kundi la waandishi wa treni, United Graffiti Artists, lilishaonyesha kazi Razor Gallery, New York. Kwetu njia ilipita kwingine. Wengi walijua grafiti mwaka 2012, mtaa wa Muindi Mbingu, pale mwanaharakati Boniface Mwangi alipokusanya vijana wa mikebe wakachora wanasiasa wenye vichwa vya tai. Kabla yake, katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, msanii Solo7 alizunguka Kibera akiandika maneno ya amani kwenye kuta na mabati. Yeye alitumia herufi, na herufi zilitosha.

Kazi yangu hapa ni mabati mawili, kila moja na pindo, mji na jina. Doti ya leso. Jina ni lilelile kwenye yote mawili, USINIFUTE, ila la kwanza limeandikwa kwa herufi wazi za leso, na la pili kwa herufi zilizopindana, zilizopitana, zenye mishale, zile ambazo mtu asiyezizoea anaona msitu.

Mwenye jumba, mama mwenye heshima zake, ameniomba tuyauze moja moja. Mnunuzi amependa la pili. Nimekataa. Doti hutoka dukani ikiwa mbili pamoja. Tumebishana kwa upole karibu nusu saa, na mwishowe ameandika karatasi moja ya bei.

Saa tatu usiku

Wote wameondoka. Mlinzi, mzee wa miaka sitini hivi, ameingia kuzima taa akasimama mbele ya bati la pili. Sikusema kitu. Ameliangalia, akaenda la kwanza, akasoma kwa sauti. Akarudi la pili na kidole hewani, akaanza kufuata.

"U ni hii imelala. Hii imejipinda ni S?"

"Ndiyo, mzee."

"I. Halafu N imebebwa mgongoni." Amekwenda hivyo, akirudi la kwanza kuhakikisha kila anapokwama, hadi E ya mwisho iliyofichwa chini ya mshale. Amecheka kifuani.

Pale mlangoni amenifungulia kitabu cha wageni nitie saini ya kutoka. Nimeandika jina langu kama ninavyoliandika ukutani, na pembeni yake: 3.10 usiku.