Kíli, Mpwa wa Thorin

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno lililonikaa moyoni wiki hii ni mjomba, na limenijia kwa njia ya Kíli, yule kibete kijana katika The Hobbit, hadithi ya Tolkien ya mwaka 1937 ambayo baadhi ya vijana wetu wameisoma au kuitazama. Humo mjomba wake Thorin anaongoza vibete wenzake safarini kuudai ufalme wao uliotwaliwa na joka. (Nasema kibete, si mbilikimo. Hapa Uganda neno hilo la pili huwaumiza ndugu zetu Batwa, tuliache.)

Kíli alizaliwa mwaka 2864 wa Enzi ya Tatu, kwa hesabu ya miaka ya ulimwengu wa Tolkien, miaka mitano baada ya kaka yake Fíli. Wasomaji hukosea hapa, na wana sababu: ndani ya hadithi Thorin anamtaja Fíli kuwa mdogo kuliko wote, ilhali jedwali la ukoo lililochapishwa 1955 linampa Fíli mwaka 2859. Wengine huwadhania mapacha kwa kuwa walifika wote kujiunga na safari wakiwa na kofia za buluu, mikanda ya fedha na ndevu za manjano. Wengine hudhani Thorin ndiye baba yao. Sivyo. Mama yao ni Dís, dada mdogo wa Thorin, na baba yao hatajwi jina. Thráin, babu mzaa mama, alikufa 2850, kabla wao hawajazaliwa. Mkuu wa nyumba waliyemjua ni mjomba.

Maandiko nayo yana vijana wanaoitwa kwa jina la mama. Yoabu, Abishai na Asaheli ni wana wa Seruya, na Seruya ni dada yake Daudi. Abishai alimwokoa mjomba wake mikononi mwa Ishbi-benobu, yule Mfilisti. Asaheli alikufa angali kijana, kwa mkuki wa Abneri.

Lakini tazameni kazi alizopewa Kíli. Yeye na Fíli walikuwa wadogo kwa wenzao kwa miaka kama 50, kwa hiyo wao ndio waliotumwa. Farasi mdogo alipokurupuka na kuingia mtoni, wao walikaribia kuzama wakimwokoa. Pango la kujikinga na dhoruba lilipotafutwa, wao walitumwa mvuani.

Wajomba, hapa nasema na ninyi, na sitapunguza neno. Mtoto wa dada yako anaamka saa kumi na moja alfajiri kuchota jerikeni za lita 20, anaosha pikipiki yako, analala sebuleni wageni wakishaondoka, nawe hujui anasoma darasa gani! Waganda wana jina la heshima kwako, kojja, na yeye ni mujjwa wako. Hakuletwa kwako awe kibarua. Mihula yetu ni mitatu kwa mwaka. Basi kabla ya kila muhula keti naye, ninyi wawili tu, na daftari. Andika anachodaiwa shuleni, vitabu anavyokosa, viatu vilivyochakaa. Kisha mwulize kama kuna mtu anayemtisha, na unyamaze mpaka ajibu. Mambo huharibika mahali pawili. Mjomba hutuma ada kwa simu akaona amemaliza, au humhoji kijana mbele ya watu, naye husema "niko sawa" kwa sababu ya aibu.

Someni Matendo 23. Zaidi ya watu 40 wameapa wasile wala wasinywe hata wamwue Paulo. Anayesikia njama ni mtoto wa dada yake, kijana asiyetajwa hata jina. Anaingia ngomeni, Paulo alikozuiliwa, anamwambia mjomba. Paulo hamwambii, "Wewe mtoto, nani kakudanganya?" Anamwita akida mmoja amfikishe kwa jemadari. Na jemadari, Mrumi asiye ndugu yake, anamshika mkono, anamtenga kando, anamwuliza kwa faragha. Usiku uleule askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 wanaandaliwa kumtoa Paulo. Kijana alisikilizwa, na mjomba akaishi. Ndugu yangu, huyo anayeosha pikipiki yako huenda amebeba habari ya uhai wako, naye anasubiri umshike mkono!

Kíli alikufa mwaka 2941 katika Vita vya Majeshi Matano, akiwa na miaka 77, naye ni kijana bado kwa watu wanaofikia 250. Filamu imewatenganisha katika kufa. Katika kitabu yeye na Fíli walianguka wakimkinga Thorin kwa ngao na kwa miili yao, na sababu inatajwa waziwazi: alikuwa kaka mkubwa wa mama yao. Thorin naye akafa kwa majeraha. Ufalme ukaenda kwa Dáin, mjukuu wa ndugu wa babu yake Thorin.

Ijumaa tukikutana kwa maombi, tuanze na akina Dís walio kati yetu. Dís alikuwa na miaka 10 joka lilipowafukuza nyumbani. Alimpoteza babu yake 2790, kaka yake Frerin 2799, baba yake 2850, kisha kaka aliyebaki na wana wote wawili katika vita hivyohivyo. Mwaka wa kufa kwake haukuandikwa, wala aliyempelekea habari hatajwi. Kila mmoja aje na jina la dada yake, na majina ya watoto wake wote.