Siku moja kwenye chumba cha mazoezi tiba, Tanga

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua mlango, nafuta vitanda, najaribu mashine ya presha kwenye mkono wangu mwenyewe nione kama betri ina uhai. Vifaa vyetu ni baiskeli moja ya mazoezi, chupa zilizojazwa mchanga na ngazi ya mbao ya vidato vitatu. Wagonjwa huniita dokta. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na wengi huja wakitaka kuchuliwa.

Saa 2:00. Bibi wa magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo nichue tu, usinitese."

Aliambiwa apumzishe goti. Amelipumzisha mwaka mzima, paja limenywea, goti limebaki bila wa kulisaidia. Siku ya kwanza nilimuuliza kazi gani imemshinda. Kukuna nazi: mbuzi iko chini mno, akikaa hainuki. Tukaanza na kiti kirefu: kaa, simama bila kushika, mara nane, pumzika, rudia. Kila akizoea, tunashusha. Leo ni zamu ya kigoda. Mara ya sita paja linatetemeka ndani ya dera, ananisema maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, lakini ya nane anaifikisha. Maumivu kidogo yanayotulia kesho yake hayanitishi. Goti likivimba, tunarudi kwenye kiti.

Saa 4:00. Dereva wa bodaboda mwenye chuma ndani ya paja. Huyu kazi yangu ni kumfunga breki. Kashaanza kutupa magongo bila ruhusa.

Saa 5:00. Kundi la kisukari na presha, saa ninayoipenda kuliko zote. Haanzi mtu kabla ya kupimwa. Mzee mmoja sukari yake ni 4.6: kachoma insulini alfajiri, kaacha chai ili awahi daladala. Msuli ukifanya kazi huvuta sukari kwenye damu. Ongeza na sindano ile, angeanguka mikononi mwangu. Ndizi, chai ya sukari, robo saa, pima tena. Mama mwingine presha ni 190/112. Hafanyi mazoezi leo, anakwenda kwa daktari. Amenuna, maana alivaa raba mpya.

Kasi tunaipima kwa mdomo: uweze kuongea, kuimba kukushinde. Kwa akina mama wa Tanga kipimo hiki kina kasoro, wao huimba hata pumzi zikiwaishia. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki. Nikizitaja hivyo wanaguna; nikisema nusu saa ya kutembea, siku tano, wanaanza kupanga nani atampitia nani kwenda Ngamiani.

Saa 9:00. Mafaili. Sina la kusema juu ya mafaili.

Saa 10:30. Simu, mjukuu wa bibi. Bibi anauliza kama anaweza kukalia mbuzi.

"Mwambie bado. Kigoda wiki moja zaidi."

Nasikia sauti nyuma: "Mwambie nimeshakaa!"

"Na ameinuka?"

Kimya kidogo. "Ameinuka, dokta. Tulimshika mkono mmoja tu."