Mabano mawili matupu

Katikati ya mwaka 2025 nilikuwa Dar es Salaam, kwenye timu ndogo iliyokuwa ikitengeneza wakala wa akili mnemba kwa ajili ya madevelopa. Kwetu ukisema wakala watu wanawaza kibanda cha miamala, kwa hiyo nifafanue: huyu wetu ni programu. Unamuuliza swali, anakwenda mwenyewe kupekua nyaraka za API za malipo, yaani maelezo ya jinsi programu moja inavyoomba huduma za malipo kwa nyingine, anasoma, anakuletea jibu. Kumuunganisha na nyaraka hizo tulitumia MCP, itifaki ya kuunganisha akili mnemba na zana na data, ambayo kampuni ya Anthropic waliitoa Novemba 2024. Zana ya kutafuta, yaani kipande cha programu ambacho wakala anakiita ili apekue, niliiandika mimi. Msimbo wake ulinichukua siku tatu. Maelezo yake niliyaandika kwa nusu dakika: "Hutafuta nyaraka."

Asubuhi moja akaja dada aliyekuwa anaunganisha malipo ya simu kwenye mfumo wa duka la jumla. Baadhi ya wateja wake walikuwa wamekatwa hela mara mbili. Alikuwa amemuuliza wakala wetu kama fedha zinaweza kurudishwa kupitia API, akajibiwa bila kusitasita kwamba huduma hiyo haipo. Akaamini. Siku tisa akawa anarudisha kwa mkono, mteja mmoja mmoja, jioni baada ya kazi, simu sikioni na daftari mapajani.

"Kaka, sijaja kulalamika," aliniambia. "Nataka tu kujua kama kweli haipo."

Ilikuwepo. Ukurasa mzima, pamoja na mfano wa ombi na jibu lake.

Nikafungua logi, kumbukumbu ya kila hatua aliyopiga wakala. Wakala alikuwa ametafuta neno moja tu, "refund". Nyaraka zile hazina neno hilo popote; kurudisha muamala wanakuita "reversal". Na utafutaji wetu ulikuwa wa kulinganisha neno kwa neno, haukujua kama maneno hayo mawili ni ndugu. Seva ikarudisha mabano mawili matupu: []. Kutokana na mabano hayo wakala akahitimisha kwamba kitu hakipo.

Niliyatazama kwa muda mrefu. Modeli, yaani akili mnemba yenyewe iliyo ndani ya wakala, haioni msimbo ulio nyuma ya zana. Inapewa jina la zana, maelezo yake, na vigezo vinavyopokelewa, basi. Kwa maneno hayo machache inaamua imwite nani, impe nini, na ikiletewa kitu ikielewe vipi. Mimi nilijua kwamba utafutaji ni wa neno kwa neno. Nilijua kwamba ukikosa unabadilisha neno. Yote yalikuwa kichwani mwangu, na hakuna hata moja nililomwambia wakala.

Nikamkumbuka mama. Nikiwa na miaka saba alinituma mafuta dukani, nikarudi na mafuta ya taa, na unga wa maandazi umeshaumuka. Hakunigombeza. Alisema, "Kosa langu, sikukwambia ya nini." Tangu siku hiyo maagizo yake yalibadilika: mafuta ya kula, robo lita, kama kwa Mangi yameisha nenda duka la pili, usirudi mikono mitupu.

Nikamwomba dada avute kiti. Nikamwonyesha jina la zana na yale maneno yangu mawili, nikamuuliza: kama ungepewa hii bila kunijua mimi, ungetaka kujua nini? Akauliza papo hapo. Niandike sentensi au neno? Nitapewa ukurasa mzima au kipande? Nikikosa, nifanye nini?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yakawa maelezo mapya. Tuliyaandika kwa Kiingereza, lugha ya nyaraka zenyewe, lakini kwa Kiswahili yanasomeka hivi: "Hutafuta ndani ya nyaraka za API za malipo kwa kulinganisha maneno kamili. Tumia neno moja hadi matatu, si sentensi. Hurudisha vichwa vya kurasa na anwani zake tu. Kusoma ukurasa wenyewe, tumia zana ya soma_ukurasa. Ikirudi tupu, usihitimishe kwamba huduma haipo; jaribu majina mengine ya jambo hilohilo." Kigezo nilichokuwa nimekiita "q" tukakiita "maneno". Mabano matupu nayo tukayaondoa, mahali pake tukaweka sentensi inayosema hakuna ukurasa wenye neno hilo, jaribu jingine.

Hapo tukabishana kidogo. Dada alitaka tuweke neno "reversal" kama mfano. Nikakataa. Tungekuwa tumetibu swali lake peke yake, na kesho angekuja mwingine na neno lake, akwame palepale. Mfano tukachukua wa mbali, "payout" na "disbursement", jambo moja lenye majina mawili.

Kisha akaandika swali lake upya, kama alivyoliuliza mara ya kwanza. Logi ikaanza kushuka. "Refund": hakuna ukurasa. "Reverse transaction": hakuna ukurasa. "Reversal": ukurasa mmoja. Mstari uliofuata ulikuwa soma_ukurasa, na anwani ileile niliyokuwa nimeifungua asubuhi.

Dada alikuwa akiifuata mistari hiyo kwa kidole. Kwenye ule wa tatu akasimama.

"Amelipata mwenyewe," alisema, kidole bado kiko kwenye kioo.