Tija ya mvuvi iko kwenye barafu

Kila serikali ikitangaza mpango wa kuinua uchumi, sisi watu wa visiwani hutazama kwanza kama Lamu imetajwa. Aghalabu imetajwa. Ruwaza ya 2030, dira ya maendeleo ya Kenya iliyozinduliwa mwaka 2008, ilitaka uchumi ukue kwa asilimia 10 kila mwaka, na bandari yetu ikawekwa kwenye miradi yake mikubwa. Machi 2012 Rais Kibaki alikuja kuizindua pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Yaliyopangwa mwanzoni ni magati 32, yaliyojengwa ni matatu. Sina ugomvi na bandari, hata mitambo yake nikiiona kwa mbali naona fahari kidogo.

Lakini mimi nachuuza samaki. Nanunua Kizingitini, kisiwani Pate, nashusha Mokowe upande wa bara, gari linashika njia ya Witu na Garsen hadi Malindi. Kwa hiyo nikimsikia mkubwa redioni akisema tija ya mfanyakazi wa Kenya iko chini, ndiyo maana hatuwezi kushindana na wenzetu, najiuliza anamsema nani. Vijana ninaonunua kwao hutoka na giza na kurudi jua likiwa utosini, mikono imechanjwa na mishipi. Uwaambie waongeze bidii gani tena?

Tatizo ni barafu. Inatoka mjini Lamu kwa boti, imefunikwa magunia, na ikifika Kizingitini imeshapungua, maji yanachuruzika kwenye mbao za boti. Ulichobakisha ukigawe kwa changu, tewa na kolekole wa watu wote waliorudi asubuhi ile. Mnunuzi wa Malindi hana maneno mengi. Anamshika samaki kichwa, anafunua matamvua kwa kidole gumba. Yakiwa mekundu tunazungumza bei. Yakishaanza kuwa ya kahawia, bei anaitaja yeye na mimi nanyamaza. Samaki ni yuleyule, mvuvi ni yuleyule, bahari ni ileile. Ushindani wote wa taifa umeishia hapo kwenye kidole cha mtu.

Na kuna jambo la tajiri. Huku kwetu tajiri ni yule anayekupa nyavu, mashine na pesa ya mafuta, nawe samaki wako unampa yeye kwa bei yake. (Mimi pia wapo wanaoniita tajiri. Waje wauone mkoba wangu.) Mvuvi akipata wengi, deni linapungua kidogo, akipata wachache, linaongezeka. Kusi ikivuma, bahari ya nje haiendeki kwa vidau hivi, na mtu anakopa chakula. Nani atanunua chombo kikubwa cha kwenda kina kirefu akiwa kwenye hali hiyo? Mikopo ya serikali ipo, lakini wengi wetu tukiulizwa dhamana hatuna la kuonyesha: kiwanja ni cha babu, hati hakuna.

Wengine hata pale pa kuvua pamechimbwa kupitisha meli. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa sababu ujenzi uliwaharibia riziki na hawakushirikishwa ipasavyo. Mzee mmoja wa Faza aliniambia, "Mwanangu, wangetuuliza mwanzo ingekuwa rahisi kuliko kutulipa mwisho." Mimi sina la kuongeza.

Mpango wa sasa wa serikali, wa 2023 hadi 2027, unautaja sana uchumi wa buluu, yaani ule wa bahari na maziwa. Vyema. Basi waanze na mtambo wa barafu Kizingitini kwenyewe, wenye umeme wa kutegemewa na fundi anayelipwa mshahara, maana jengo bila fundi nalijua litakavyokuwa baada ya mwaka. Kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti kikiitishwa nitakwenda na risiti zangu za barafu. Mwenye za petroli naye aje nazo, tuwawekee mezani wazijumlishe wenyewe.