Sukari ya dukani kwangu

Kuna fundi nyavu hapa Kirumba, Mwanza, kila sukari ikipanda bei ananiuliza: "Mama, si tuna viwanda? Kagera si hapo tu ng'ambo ya ziwa?"

Vipo, baba. Kagera, TPC ya Moshi, Kilombero na Mtibwa kule Morogoro, na sasa Bagamoyo. Ila muwa si mahindi ya kuweka ghalani ukalala. Ukishakatwa, utamu unaanza kupungua. Inabidi ufike kwenye mtambo ndani ya siku moja au mbili. Mvua ikizidi, trekta linakwama shambani na muwa wenyewe unajaa maji, unasaga mwingi unapata sukari kiduchu. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ndizo zilizotufikisha Januari 2024 sukari ikaadimika, ikatangazwa bei elekezi, yaani bei ya juu ambayo muuzaji haruhusiwi kuivuka.

Bei elekezi! Huku mwenye stoo alikuwa ananiuzia kwa jumla bei iliyokaribia hiyo ya rejareja, risiti hatoi, na mkaguzi akija anayejieleza ni mimi. Wateja nao wakaanza kununua robo robo.

Hata mwaka ukiwa mzuri, masika viwanda huzimwa mitambo ikarabatiwe. Kwa hiyo mimi mapema Machi naongeza mifuko ya kilo 50. Naipanga juu ya mbao, mbali na ukuta, maana unyevu wa ziwa huu ukiingia, sukari inaganda mpaka uiponde kwa mchi. Na mteja wa Kirumba hanunui sukari ya mabonge hata umpunguzie mia mbili.