Nilivyojifunza kazi ya ICU mahali ambapo watu waliogopa kuuliza

Niliingia ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, nikitokea wodi ya upasuaji, na ventileta, ile mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, nilikuwa nimeiona kwenye slaidi za chuo tu. Manesi wengi hapa Tanzania tunaingia hivyohivyo, unaona tu jina lako kwenye rosta, kozi maalum ya wagonjwa mahututi wanaipata wachache, kwa hiyo shule yako ni yule nesi mkubwa uliyepangwa naye zamu. Akipenda kufundisha umepona.

Shida ya kwetu wakati ule haikuwa mashine, ilikuwa maneno. Ukiuliza kitu unajibiwa "kwani chuoni mlisoma nini?" tena mbele ya ndugu wa mgonjwa. Matokeo yake nesi mpya alamu ikilia anainyamazisha na kukaa kimya, na wala sio mvivu, anaogopa kumuita mtu halafu aonekane hajui. Hicho ndicho kitu kilichokuwa kinaniumiza kuliko vyote, maana ile alamu ina mgonjwa nyuma yake.

Kilichonisaidia mimi ni mama mmoja aliyekuwa karibu kustaafu. Nikamwendea, shikamoo mama, naomba zamu za wiki hii nikae na wewe kwenye kitanda cha ventileta. Akakubali, na somo lake la kwanza lilikuwa: alamu ikilia mwangalie mgonjwa kwanza, mashine baadaye. Kifua kinapanda pande zote mbili? Oksijeni kwenye monita inashuka? Ukiona hali mbaya na hujui sababu, mtoe kwenye mashine, mpe hewa kwa ambu begi, ule mfuko unaobanwa kwa mkono, na oksijeni kamili, ita msaada, halafu ndio utafute: tyubu ya kwenye njia ya hewa imetoka au imezama upande mmoja, imeziba kwa makohozi, hewa imejaa nje ya pafu, au mashine yenyewe ndio mbovu. Alamu ya presha kubwa anza kufikiria makohozi, mpira uliokunjika au mgonjwa anang'ata tyubu, ya presha ndogo tafuta mpira uliochomoka au kafu inayovuja, yaani kile kiputo kinachoziba pembeni ya tyubu. Saksheni, yaani kumnyonya makohozi, unampa kwanza oksijeni asilimia 100 na kila unapoingiza katheta, ule mpira mwembamba wa kunyonyea, usizidishe sekunde 15. Kichwa cha kitanda kiinuke nyuzi 30 mpaka 45 kama hakuna kinachozuia, makohozi na vya tumboni visiingie kwenye mapafu.

Haya yote yapo kwenye vitabu, lakini aliyeniingizia kichwani ni mtu ambaye sikumuogopa, ningemuuliza kitu kilekile mara tatu na angejibu kwa sauti ileile.

Kwa hiyo nilipopewa kusimamia zamu nikaanza na ripoti ya kubadilishana zamu. Tulikuwa tunapeana mezani, faili mkononi, nikasema hapana twende kitandani, na anayesoma namba za mashine kwa sauti ni nesi mdogo kuliko wote, akikwama tunamuelekeza hapohapo na hakuna kucheka. Mtu akikosea kitu tunaongea pembeni, sio mbele ya mgonjwa. Wakubwa wengine walisema nawadekeza, na niliwaelewa, mtu ana wagonjwa watatu peke yake wakati Uingereza kiwango chao mgonjwa wa ventileta ni nesi mmoja mgonjwa mmoja, hapo uvumilivu unatoka wapi? Lakini sikuacha.

Asubuhi moja binti mgeni kabisa kwenye wodi akasoma mashine inatoa mililita 500 za hewa kwa kila pumzi, kisha akasimama, akasema samahani dada, huyu mama si mfupi? Tukapima, sentimita 160. Kilo zake ni nyingi lakini mapafu hayanenepi, hesabu ya hewa unapiga kwa kilo zinazotokana na urefu, kwa mwanamke wa sentimita 160 inakuja kama kilo 52, na kwa mapafu yaliyoumia kama ya yule mama unaanzia mililita 6 kwa kilo, yaani kama 310 hivi. Nikamwambia mpigie daktari wewe mwenyewe, mimi nipo hapa. Akapiga huku mkono unatetemeka, daktari akaja akabadilisha na akamshukuru mbele yetu wote. Kuanzia siku ile sikuwa na haja ya kumbembeleza mtu aongee.

Kitabu cha matukio, tunapoandika makosa, kikaanza kujaa, metroni, mkuu wa manesi, akashtuka akidhani tumeharibikiwa. Nikamweleza utafiti wa msomi Amy Edmondson kwenye wodi za hospitali za Marekani miaka ya 1990, alitegemea timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa, akakuta zinaripoti mengi zaidi, na alivyoeleza yeye ni kwamba huko watu hawaogopi kusema. Metroni alikaa kimya kidogo, akaniambia basi leta hicho kitabu kwenye kikao cha kila mwezi tukisome pamoja. Mpaka leo tunakisoma, bila majina ya watu.

Ambacho bado hakijakaa sawa ni usiku. Kwenye naiti tunakuwa wachache, ripoti ya kitandani inafupishwa, na wapya ndio wanapangwa usiku zaidi. Sasa naomba rosta isiruhusu wapya wawili peke yao zamu moja, inchaji, msimamizi wa wodi, amekubali kuanza nayo mwezi ujao.