Brest, alikoingia Kenneth Campbell

Treni ya kasi kutoka Paris hutumia zaidi ya saa tatu kufika Brest, magharibi kabisa mwa Ufaransa. Mji ulibomolewa katika Vita Kuu ya Pili ukajengwa upya, kwa hiyo mitaani sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja Cours Dajot, njia ya juu inayotazama bandari, nione alikoingia Kenneth Campbell, rubani wa jeshi la anga la Uingereza, kuishambulia meli ya kivita ya Wajerumani alfajiri ya tarehe 6 Aprili 1941.

Pale juu ndipo nilipoelewa. Ghuba imezungukwa na nchi kavu, na mlango wake wa baharini ni mwembamba. Meli hiyo, manowari Gneisenau, ilifungwa ndani ya ukuta wa mawe unaokinga bandari. Nyuma yake kulikuwa na mwinuko wenye mizinga. Kando ya ghuba, mizinga mingine. Karibu na ukuta, meli tatu za kutungulia ndege. Kuingia kulikuwa hatari, lakini kutoka ndiko kulikokosa njia. Akishaachia topedo, bomu linalokwenda ndani ya maji, rubani anakabiliwa na kilima, na Campbell alilijua hilo kabla hajaruka.

Ndege sita aina ya Beaufort zilipangiwa kazi hiyo kutoka uwanja wa St Eval, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baadhi zilinasa kwenye tope la uwanja, nyingine zikapoteana na wenzao kwa hali mbaya ya hewa. Campbell alifika, akazunguka akiwasubiri. Hakutokea mtu. Kwangu mimi, ushujaa wake mkubwa uko hapo: alipata muda wa kufikiri, na sababu halali ya kurudi, akaingia peke yake. Alipita chini ya kimo cha milingoti ya zile meli, akaachia topedo kutoka umbali usiofika mita 500. Ilipiga sehemu ya nyuma ya Gneisenau, chini ya maji. Ndege ikatunguliwa, wote wanne wakafa. Campbell alikuwa na miaka 23.

Manowari ilirudishwa chelezoni, gati la kutengenezea meli, ilikotoka jana yake tu. Mei, Bismarck, manowari nyingine ya Kijerumani, ilipotoka kwenda Atlantiki, Gneisenau ilikuwa bado mbovu, haikuweza kuungana nayo.

Nilimalizia makaburi ya Kerfautras. Wajerumani waliwazika kwa heshima za kijeshi. Nishani ya Victoria Cross, ya juu kabisa ya ushujaa vitani Uingereza, alipewa Campbell, mwaka 1942, na aliistahili. Lakini mimi nilikaa zaidi na majina ya wenzake: Scott wa Kanada, Mulliss na Hillman. Usukani haukuwa mikononi mwao, na mizinga ile iliwalenga wote wanne.